Kila saa nane: funzo la isimu kutoka duka la dawa la mtaani Uvira

Siku ya nne mama yule alirudi na bahasha yake ya karatasi. Aliiweka juu ya meza ya kioo, akaifungua, akatuonyesha: ndani vilikuwa vimebaki vidonge kumi na viwili. Sisi tulikuwa tumempa kumi na tano. Binti yake wa miaka sita alikuwa anaumwa sikio, na dawa ile, amoxicilline, ilipaswa kumalizika kwa siku tano: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Baada ya siku tatu kamili vilipaswa kubaki sita tu. Muuzaji alimuuliza kwa upole kama alikuwa amesahau. Mama alikunja uso, akajibu: "Sikusahau hata siku moja. Muliniambia kila saa munane. Saa munane ikifika, ninamupatia."

Hakudanganya. Kila siku, saa nane ya mchana, aliacha meza yake ya ndagala sokoni, akarudi nyumbani, akampa mtoto kidonge kimoja. Alifanya sawasawa alivyoambiwa. Na aliyemwambia maneno yale si muuzaji. Ni mimi.

Makala haya yanatoka katika tukio hilo. Nilikwenda dukani pale kutafuta habari za uchanganyaji wa lugha kati ya Kiswahili na Kirundi, maana niliamini kwamba shida ya mteja mgeni iko katika maneno asiyoyajua. Niliyoyaona yalinilazimisha kugeuza swali. Neno geni halikuleta hasara kubwa, kwa sababu mtu asiyelijua huliuliza. Neno lililoleta hasara ni lile ambalo muuzaji na mteja, wote wawili, waliamini kwamba wanalijua.

Mahali na njia ya kazi

Uvira iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, ikitazamana na Bujumbura. Kutoka Kavimvira mpaka Gatumba ni kuvuka mpaka tu. Watu wamevuka kwa biashara, kwa ndoa, na kwa kukimbia. Warundi walikimbilia upande huu mwaka 1972, wakakimbia tena baada ya 1993, na tena kuanzia 2015. Wengi wa 2015 walipelekwa kambi ya Lusenda, katika eneo la Fizi. Wengine walibaki mjini kwa jamaa zao au katika vyumba vya kupanga. Kwa hiyo, katika mtaa mmoja unaweza kumkuta mzee aliyefika akiwa kijana mwaka 1972 na mama aliyefika juzi, na wote huitwa Warundi tu.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye rafu tatu, meza ya kioo na benchi moja mlangoni. Mwenye duka ni muuguzi, na wateja wanamwita "munganga". Wateja wake ni Wafuliiru, Wavira, Wabembe na Warundi, lakini Warundi ndio wengi kwa sababu nyumba zao zimelizunguka duka. Niliwauliza kwa nini wanakuja pale. Walinipa sababu tatu: anakubali kuuza plaketi nusu, au hata kidonge kimoja kimoja, anakopesha mpaka siku ya soko, na hamuulizi mtu karatasi zake.

Nilikaa pale juma sita kwa ruhusa yake. Sikurekodi sauti ya mtu. Mtu aliyekimbia nchi yake haipendi mashine inayoshika sauti, na mimi sikuwa na haki ya kumlazimisha aipende. Niliandika kwa mkono, jioni nikamsomea muuzaji niliyoandika, naye akanisahihisha. Palipokuwa na foleni ndefu alinituma nitoe maelezo kwa mteja. Ndivyo nilivyofika kwa mama wa vidonge kumi na vitano.

Neno moja, kazi mbili

Turudi kwenye maneno yangu: "kila saa nane". Kwa muuguzi, maana yake ni muda: acha saa nane zipite, halafu umpe tena. Lakini katika Kiswahili neno "saa" lina kazi mbili. Linataja urefu wa muda, na linataja alama kwenye uso wa saa. "Saa nane" ni muda wa dakika mia nne na themanini, na pia ni wakati ule wa mchana ambao Kifaransa huuita kumi na nne. Neno "kila" haliondoi utata huo. "Kila saa nane" inaweza kusomwa kama "kila Jumapili": siku ikifika, tunafanya. Hivyo ndivyo mama alivyoisikia, na kwa sarufi hakukosea.

Bahasha nayo haikumsaidia. Muuzaji alikuwa ameandika kwa kalamu: "1 co / 8 h". Mtoto wake mkubwa, mwanafunzi wa shule ya msingi, aliisoma na kumwambia kwamba huko shuleni 8 h ni saa mbili ya asubuhi. Kwa hesabu ya Kifaransa, inayoanzia usiku wa manane, mtoto alikuwa na haki. Mama akapima: karatasi inasema saa mbili, mtu wa dukani amesema kwa mdomo wake saa nane. Akaamini mdomo. Dawa moja ilipata masomo mawili, na yote mawili yalimpa mtoto theluthi moja tu ya dawa aliyoihitaji. Dawa ya kuua vijidudu ikitolewa theluthi haiponyeshi, na vijidudu vinavyobaki hujifunza kuivumilia.

Si amoxicilline peke yake. Chukueni dawa ya malaria ya artéméther na luméfantrine, inayouzwa sana pale. Kipimo cha kwanza humezwa mara moja, cha pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu akianza saa nne ya asubuhi, kipimo cha pili ni saa kumi na mbili ya jioni. Akisikia "saa nane" kama alama ya saa, atameza baada ya saa nne tu. Mwingine akianza saa kumi ya jioni, kipimo cha pili ni saa sita ya usiku. Naye akingoja saa nane ya mchana wa kesho yake, atakuwa amepitisha muda wa saa ishirini na mbili. Na paracétamol ya "kila saa sita" hugeuka kuwa dawa ya adhuhuri.

Mtu atasema: Mrundi hakuelewa kwa sababu Kiswahili si lugha yake. Nilifikiri hivyo mimi pia, mpaka nilipouliza. Kirundi huhesabu saa kama Kiswahili: "isaha zibiri" za asubuhi ni saa mbili, "isaha umunani" ni saa nane ya mchana. Neno lenyewe, "isaha", limetoka katika Kiswahili. Kwa hiyo mama hakukuta ukuta. Alikuta njia aliyoizoea, akaifuata mpaka mwisho.

Kosa nililofundishwa kuliita kosa

Sasa nifike mahali panaponiuma. Katika Kirundi, mtu anapotaka kutaja muda, husema "amasaha umunani"; anapotaka kutaja alama ya saa, husema "isaha umunani". Kiambishi ndicho kinachotenganisha. Na Kiswahili cha Uvira kinafanya vilevile: "saa munane" ni wakati, "masaa munane" ni muda. Sikilizeni sentensi hizi mbili, ambazo kila mtu wa mtaa ule huzitofautisha bila kufikiri:

"Nilimungojea saa mbili." Yaani nilikuwa pale wakati wa saa mbili.

"Nilimungojea masaa mbili." Yaani nilikaa nikichoka.

Tunajua kwamba Kiswahili cha Kongo hupenda kuweka ma- mbele ya majina ya ngeli ya 9 na 10: manyumba, mandizi, mabarua. Mara nyingi tunaueleza mwenendo huo kama kurahisisha ngeli, na tunaishia hapo. Lakini katika jina hili ma- haikuja kuongeza wingi tu. Jina "saa" halionyeshi tofauti ya umoja na wingi, na lina maana mbili. Wasemaji wakachukua ma- wakaipa kazi ya kugawa zile maana.

Muuzaji, siku zote, huwaambia wateja: "kila kisha masaa munane". Mimi nilimsikia mara nyingi. Lakini mimi ni mwanafunzi wa lugha. Nilifundishwa kwamba wingi wa saa ni saa, na kwamba "masaa" ni kosa la kupigwa mstari mwekundu. Nilipopewa nafasi ya kusema na mteja, nilinyoosha sentensi ya muuzaji bila hata kujua kwamba ninainyoosha. Nikaondoa "kisha", nikaondoa ma-. Nikasema Kiswahili safi, na Kiswahili safi kikaondoa ile tofauti ambayo mama alikuwa nayo katika lugha yake ya kwanza na katika lugha yake ya pili.

"Mbele ya kula"

Baada ya hapo nilianza kujichunguza. Siku moja alikuja mzee aliyeandikiwa oméprazole kwa ajili ya tumbo, dawa inayomezwa kabla ya chakula. Nikamwambia: "Muzee, unameza kimoja asubuhi, kabla ya kula." Akaitika, akasema: "Ni vizuri, nitakula nayo." Muuzaji akageuka kutoka kwenye rafu: "Hapana, muzee. Mbele ya kula. Dawa mbele, chakula nyuma." Mzee akacheka, akarudia mwenyewe: "Dawa mbele, chakula nyuma."

"Kabla" na "baada" ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na Kiswahili sanifu kinayategemea. Kirundi hakina. Kirundi husema "imbere yo kurya" na "inyuma yo kurya", yaani mbele ya kula na nyuma ya kula. Kiswahili cha Uvira husema hivyohivyo, kwa sababu kimeishi miaka mingi kati ya lugha zinazopanga wakati kama njia: lililo mbele linatangulia, lililo nyuma linafuata. Mwalimu wa sarufi anaweza kusema "mbele ya kula" ni tafsiri ya lugha za kienyeji iliyoingia katika Kiswahili. Ni kweli. Na ndiyo sababu mzee aliielewa.

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Muuzaji mmoja kijana, aliyekuwa akimsaidia mwenye duka siku za Jumamosi, alipomwona mteja Mrundi alikatakata maneno: "Mama, kula, kinini. Kinini, lala." Charles Ferguson, mwanaisimu wa Marekani, aliitafiti lugha ya namna hiyo, ile ambayo mwenyeji humsemesha mgeni, na akaonyesha kwamba huacha vipashio vidogo vya sarufi. Mwenyeji anafikiri anamsaidia mgeni. Lakini katika maelezo ya dawa, vipashio vidogo ndivyo vinavyobeba dawa. "Kula, kinini": ni chakula kwanza au ni pamoja? "Kinini, lala": ni kabla ya kulala au dawa hii inaleta usingizi? Neno "kinini" lenyewe halikuwa na shida. Lilitokana na quinine, dawa ya malaria iliyopata jina kutoka ganda la mti wa Amerika ya Kusini, na leo kwetu ni jina la kidonge chochote, kama "ikinini" katika Kirundi. Majina yanavuka mpaka kwa urahisi. Kinachoanguka njiani ni viunganishi.

"Umesikia?" "Ndiyo."

Maelezo karibu yote pale dukani yalimalizika kwa swali moja: "Umesikia?" Na jibu lilikuwa moja: "Ndiyo, nimesikia."

Katika Kiswahili chetu cha Kongo, "kusikia" ni kupokea sauti na pia ni kuelewa. Kirundi kina kitenzi kimoja, "kumva", chenye maana hizo zote mbili, na hata ya kuhisi mwilini. Tena tumekutana na neno pacha. Muuzaji anauliza: umeelewa? Mteja anajibu: sauti yako imefika. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyejua kilichobaki nje.

Lakini "ndiyo" ile haikutokana na kitenzi peke yake. Nilizungumza na wateja kadhaa nje ya duka, kwenye kivuli, bila daftari. Mwanamke mmoja alinieleza kwamba anapotoka nyumbani hufanya mazoezi ya sentensi yake njiani, na huiweka fupi. Kirundi hakina sauti ya l. Msemaji wake, asipoangalia, husema "mbiri" badala ya "mbili", "kurara" badala ya "kulala". Kwa sauti hiyo moja foleni nzima inajua alikotoka. Kuna siku hawasemi kitu. Kuna siku mtu anacheka, au mtu anauliza kwa sauti kubwa wakimbizi watarudi kwao lini. "Kwa hiyo siulizi mara ya pili," aliniambia. "Kila swali liko na r ndani yake."

Wenzangu mnaokumbuka somo la isimujamii mnamjua John Gumperz. Katika kitabu chake cha 1982 alieleza habari za wanawake wa Kihindi na wa Kipakistani waliogawa chakula katika kantini ya uwanja wa ndege Uingereza. Walitaja neno moja, jina la mchuzi, kwa sauti ya kushuka, na Waingereza wakawaona hawana adabu, ingawa neno lilikuwa la Kiingereza halisi. Funzo la Gumperz ni kwamba watu wanaweza kushiriki maneno bila kushiriki ishara zinazoyafasiri. Pale Uvira mambo yaligeuka: mwenye sauti ya kigeni ndiye mnunuzi, na badala ya kuonekana hana adabu, alinyamaza ili asionekane kabisa.

Aibu ya foleni iliharibu hata maswali mema. Dawa nyingine hazifai kwa mwanamke mwenye mimba, na mwenye duka hakutaka kuuliza waziwazi mbele za watu. Akainama, akamwuliza msichana mmoja polepole: "Dada, muko wangapi?" Alitaka kujua kama yuko peke yake au amebeba mtoto. Msichana akajibu kwa uwazi: "Tuko saba ku nyumba." Benchi zima likacheka, na yeye akaondoka kabla ya swali la pili. Alirudi jioni, wakati hapakuwa na mtu. Hiyo ni bahati yake na yetu, maana si kila mtu hurudi.

Faranga huhesabiwa

Katika yote niliyoandika, kitu kimoja kilinishangaza zaidi. Pale dukani kuna neno lenye utata kuliko "saa", nalo halikuleta shida hata siku moja. Neno hilo ni "faranga". Uvira mtu hulipa kwa faranga za Kongo, au za Burundi, au kwa dola. Muuzaji akisema "elfu mbili", bado hujui ni elfu mbili za wapi. Na kwa sababu kila mtu anajua kwamba hajui, hakuna anayekubali kwa "ndiyo". Mteja anauliza: "Za huku ao za kule?" Muuzaji anataja. Mteja anaweka noti moja moja juu ya kioo akihesabu kwa sauti. Muuzaji anazihesabu tena. Salio linahesabiwa na wote wawili. Hata mwanamke wa sentensi fupi huhesabu kwa sauti, na r zake zote, bila haya.

Nilijiuliza kwa nini. Jibu langu ni hili: kuhusu faranga, watu wa mpakani wamekubaliana zamani kwamba neno peke yake halitoshi, kwa hiyo wameunda desturi ya kulithibitisha, na desturi hiyo haimdhalilishi mtu. Kuuliza "za wapi?" si kukiri ujinga. Kuhusu dawa, desturi hiyo haipo bado. Mteja anayeuliza tena anaonekana hakuelewa, na kutoelewa kunamtangaza kuwa mgeni. Tunahesabu pesa mara mbili, na dawa hatuihesabu hata mara moja.

Tulichobadilisha, na kinachotuhusu sisi

Nilimweleza mwenye duka fikira hii. Hakuhitaji nadharia, siku ya pili alianza. Sasa mteja akishapokea dawa, hamuulizi tena "umesikia?" Anamwambia: "Sasa uniambie vile utafanya." Mteja anarudilia, vidonge vikiwa juu ya kioo, na anavigawa kwa kidole: hiki cha asubuhi, hiki cha mchana, hiki cha usiku. Anamfanyia hivyo kila mtu, Mfuliiru na Mrundi, ili pasiwe na mtu anayechaguliwa kwa sababu ya sauti yake. Wahudumu wa afya katika nchi nyingi hufundishwa njia hii. Yeye aliipata katika noti za faranga.

Kwenye bahasha aliacha kuandika "8 h". Anachora jua linalotoka, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro anaweka vistari vya idadi. Aliacha pia alama ya kuzidisha. "2 × 3" na "3 × 2" hutoa jibu moja katika hesabu, lakini katika dawa vidonge viwili mara tatu si sawa na vitatu mara mbili.

Kwa upande wetu wa kitivo, ninaleta mambo mawili mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu.

La kwanza: tunapokutana na umbo ambalo sarufi sanifu inalikataa, tuulize kwanza linafanya kazi gani kinywani mwa wanaolitumia. "Masaa" inaweza kubaki kosa katika karatasi ya mtihani. Sina ugomvi na hilo, maana Kiswahili sanifu kinatuunganisha na Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura yenyewe. Lakini mwanafunzi anayetoka kwetu akiwa hajui kwamba "masaa" inabeba maana ambayo "saa" haibebi amejifunza kanuni na kupoteza lugha. Mimi nilikuwa mwanafunzi huyo.

La pili: katiba yetu ya 2006 inataja lugha nne za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Kirundi hakimo, wala Kifuliiru, wala Kibembe. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kitakachoendelea kubeba dawa kwa watu ambao si lugha yao ya mama. Basi kazi ya kutengeneza maelezo ya dawa yasiyo na mitego ni yetu, kabla haijawa ya muuguzi. Si kazi ya kitabu kikubwa. Sentensi kumi zingetosha kuanza, zikijaribiwa kwanza mbele ya mtu asiyesema Kiswahili kama sisi. Mtihani wake ni rahisi: mpe sentensi, mwombe akuonyeshe kwa vidonge atakavyofanya, na usimsaidie.

Mama wa ndagala tulimpeleka na mtoto kituo cha afya siku ileile aliyorudi. Walimtazama sikio, wakaanza dawa upya tangu kidonge cha kwanza, na majuma mawili baadaye mtoto alipita mbele ya duka akikimbizana na wenzake. Nilikwenda sokoni kumwomba mama radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapanga mafungu yake ya ndagala, kisha akaniuliza: "Sasa wewe, wakati unasema saa munane, ulikuwa unataka kusema masaa munane?" Nikasema ndiyo. "Basi ungesema," akanijibu.